Andreas Stihl: Mhandisi aliyeupeleka msumeno kwa mti

Na MWANDISHI WETU

UKIPANDA mlima Manga alfajiri, kabla jua halijayeyusha ukungu uliolala bondeni, sauti ya kwanza kukulaki huenda isiwe ya jogoo wala ya lori la kubebea majani chai. Aghalabu ni mngurumo wa msumeno wa injini, ule ambao wakazi wa Kisii na Nyamira, sawa na Wakenya wengine, huuita pawaso. Mngurumo huo hupanda, hushuka, hukoroma kidogo, kisha kimya hutanda. Baada ya kimya husikika mshindo wa mkaratusi unaoanguka.

Katika kaunti hizi mbili, mti ni benki. Mashamba ni madogo na watu ni wengi, lakini ni nadra kupata boma lisilokuwa na mstari wa mikaratusi mpakani au kando ya kijito. Karo ya shule ikichelewa, mti huuzwa. Mgonjwa akilazwa hospitalini, mti huuzwa. Viwanda vya majani chai hununua kuni za kuchemshia maji yatoayo mvuke wa kukaushia majani, nao wajenzi huhitaji mbao na nguzo. Baina ya mti uliosimama na pesa mkononi yupo mtu mmoja: mwenye pawaso.

Mtu huyo hubeba begani mashine ambayo, iwe imeundwa na kampuni gani, ina alama za kazi ya mhandisi mmoja Mjerumani aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Jina la mhandisi huyo, Andreas Stihl, lingali limeandikwa ubavuni mwa nyingi ya mashine hizo. Wengi hulitaja kila siku bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu aliyezaliwa, akahangaika, akakosea, akafaulu na kufa kama binadamu yeyote.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa hapa kwa sababu moja kubwa. Karibu kila kifaa kilichomo katika msumeno huo kilianza kama lalamiko la mtu aliyeushika. Kisa cha Stihl ni kisa cha malalamiko yaliyosikilizwa, na pia ni ukumbusho wa malalamiko ambayo hayajapata wa kuyasikiliza.

Mwana wa Zurich

Stihl alizaliwa Novemba 10, 1896, jijini Zurich, Uswisi. Huo ndio mwaka ambao ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa kuelekea Uganda ulianza. Reli hiyo ilihitaji kuni za kuendeshea garimoshi, na mnamo 1902 wakoloni waliileta mikaratusi nchini kutoka ng'ambo ili ikue haraka na kuilisha injini ya mvuke. Hiyo ndiyo asili ya mti ambao leo umetapakaa kote Gusii.

Kwa sadfa, riziki ya kwanza ya Stihl nayo ilitokana na mvuke. Baada ya kusomea uhandisi wa mitambo mjini Eisenach, Ujerumani, aliingia katika biashara jijini Stuttgart. Mwaka 1926, akikaribia kutimiza miaka 30, alianzisha kampuni yake mwenyewe. Wakati huo hakuwa mtu wa misumeno. Alishughulikia vifaa vya matanuri ya mitambo ya mvuke, na pia aliunda mashine za kufulia nguo.

Enzi hizo, mti uliangushwa kwa shoka na msumeno wa mkono. Gogo liliburutwa na farasi mwendo mrefu hadi kiwandani, na huko ndiko lilikokutana na mashine kwa mara ya kwanza. Stihl aliona kwamba mambo yalikuwa yamepinduliwa. Badala ya kuuhangaisha mti uufuate msumeno, ilifaa msumeno uufuate mti ulipo.

Wazee wa Gusii wanaokumbuka kazi ya kupasua mbao kwa mikono hawahitaji kuelezwa zaidi. Gogo liliwekwa juu ya shimo. Mmoja alisimama juu yake, mwenzake aliingia shimoni, wakavutana msumeno tangu asubuhi hadi jioni, huku aliye chini akimwagikiwa na unga wa mbao machoni. Mbao chache zilizopatikana zilikuwa jasho la watu wawili la siku nzima.

Mwaka huo wa 1926, Stihl aliunda msumeno wake wa kwanza wa mnyororo. Uliendeshwa kwa umeme na ulihitaji watu wawili kuubeba na kuufanyia kazi. Kasoro yake ilijitokeza mara moja: msituni hakukuwa na umeme. Mwaka 1929 akatoa mwingine ulioendeshwa kwa petroli.

Hakuwa peke yake katika uvumbuzi huu. Mjerumani mwenzake, Emil Lerp, alikuwa ameujaribu msumeno wake wa petroli mwaka 1927 katika mlima Dolmar, eneo la Thuringia. Hata wazo la mnyororo wenye meno lilikuwa kongwe. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walielezea mnyororo mdogo wenye meno, uliovutwa kwa mkono, wa kukatia mifupa katika upasuaji. Kilichomtofautisha Stihl ni kwamba hakuacha kuurekebisha msumeno wake kwa muda wa miaka 40 na zaidi.

Nusu gunia la mahindi

Msumeno wa 1929 ulikuwa na nguvu za farasi sita na uzani wa kilo 46. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya gunia la mahindi la kilo 90. Mtu anayeijua miteremko ya Kiabonyoru au ya Sameta na ajaribu kuwaza wanaume wawili wakiupandisha mzigo kama huo, injini ikiwaka, mnyororo ukizunguka katikati yao, na mti ukikaribia kuanguka.

Malalamiko yalikuwa mengi. Mashine ilikuwa nzito. Ilitetemesha mikono hadi mifupani. Ikiinamishwa upande, injini ilizimika. Mnyororo uliisha makali upesi. Watu wawili walilazimika kuelewana bila kusikizana, kwa maana kelele zilimeza kila neno. Mmoja akiteleza, mwenzake alikuwa hatarini.

Licha ya hayo, ulifanya kazi kuliko shoka. Katika miaka ya 1930, Stihl alisafiri mwenyewe kutafuta wateja ng'ambo, na misumeno yake ikauzwa Amerika Kaskazini na katika Muungano wa Kisovieti. Nchi hizo zilikuwa na misitu mikubwa kupindukia, na wakataji wake hawakuwa na subira na mashine iharibikayo kila mara. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi aliye ofisini Stuttgart asingeweza kujua maradhi ya mashine yake pasipo kukaa na waliolala nayo msituni.

Doa lisilofutika

Hapa mwandishi wa maisha ya mtu hana budi kusimama. Stihl alijiunga na chama cha Nazi cha Adolf Hitler, na pia na kikosi cha SS kilichohusika na baadhi ya maovu makubwa zaidi katika historia ya binadamu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kampuni yake iliendelea kuunda misumeno chini ya utawala huo. Kiwanda chake cha Cannstatt, Stuttgart, kiliharibiwa kwa mabomu, shughuli zikahamishiwa karibu na mji wa Waiblingen. Vita vilipomalizika mwaka 1945, mataifa yaliyoshinda yalimtia kizuizini, na ilichukua muda kabla ya kurejea kuiongoza kampuni yake.

Wapo wanaopenda kulipita jambo hili kimyakimya kwa kuwa linaharibu ladha ya hadithi. Lakini ukweli ni kwamba mtu aliyekuwa na sikio la kuusikia uchungu wa mkata miti hakulitumia sikio hilo kusikia vilio vya wengine waliokuwa wakiangamizwa na utawala aliouunga mkono. Ustadi wa mikono ni jambo moja, na utu ni jambo jingine. Anayeisifu kazi yake hana haja ya kumtakasa.

Kutoka wawili hadi mmoja

Baada ya vita, lalamiko la kwanza kushughulikiwa lilikuwa uzito. Wamarekani walitangulia: mwaka 1949 kampuni ya McCulloch ilitoa msumeno wa mtu mmoja wenye uzani wa kilo 11 hivi. Mwaka uliofuata, 1950, Stihl naye akatoa msumeno wake wa kwanza wa petroli wa mtu mmoja, uliokuwa na kilo 16. Miaka michache baadaye alikuwa ameupunguza hadi kilo 11.

Mnyororo nao ulipata mwokozi wake, ingawa hakuwa Stihl. Mwaka 1946, mkata miti wa Marekani aitwaye Joseph Cox, katika jimbo la Oregon, alimtazama funza wa mdudu aina ya mbawakavu akitoboa kisiki. Funza huyo hakukwaruza mti kama meno ya minyororo ya wakati huo. Alikuwa na taya mbili zilizokata kushoto na kulia, akasonga mbele bila taabu. Cox aliunda jino la chuma mfano wa taya hizo, na mwaka 1947 akaanza kuuza minyororo yake. Jino hilo ndilo ambalo fundi wa Keroka au Ogembo hulinoa kwa tupa hadi leo, moja likitazama kushoto na jingine kulia.

Lilibaki tatizo la injini kuzimika. Kabureta za zamani zilitumia boya dogo lililoelea katika petroli, kama lile la tangi la maji. Ukiinamisha mashine, boya lilipoteza mahali pake na injini ikakosa mafuta. Dawa yake ilikuwa kabureta yenye utando, ambayo huvuta petroli hata mashine ikigeuzwa upande au juu chini. Kwa kifaa hicho, mkataji aliweza kuangusha mti kwa mkato wa ubavu, akakata matawi kwa mkato wa wima, bila kusimama.

Mwaka 1959, Stihl alitoa msumeno ulioitwa Contra. Ulikuwa na kabureta ya utando, na injini yake ilizungusha mnyororo moja kwa moja bila gia katikati. Nguvu zake zilikuwa za farasi sita, sawasawa na ule wa 1929. Uzani wake ulikuwa kilo 12. Kwa miaka 30, nguvu zilibaki zilezile ilhali mzigo ulipungua hadi karibu robo. Ndio msumeno uliomfanya ajulikane kila pembe ya dunia na ulioharakisha kustaafu kwa shoka.

Vidole vyeupe

Wepesi ulileta tatizo jipya. Mtu mmoja sasa aliweza kukata kutwa nzima, siku sita kwa wiki. Baada ya miaka kadhaa, wakataji walianza kuona vidole vyao vikifa ganzi na kugeuka vyeupe asubuhi za baridi. Mtetemo wa injini ulikuwa ukiharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Mtu alishindwa kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe.

Katikati ya miaka ya 1960, mishikio ya misumeno ilianza kutenganishwa na injini kwa vipande vya mpira, ili mtetemo uishie njiani kabla ya kufika mkononi. Ni kipande kidogo kisichoonekana, lakini kimeokoa mikono isiyohesabika.

Kisha likaja suala la uhai wenyewe. Ncha ya juu ya bapa la chuma linalobeba mnyororo ikigusa gogo ghafla, msumeno huruka nyuma kumwelekea aliyeushika, usoni au shingoni, haraka kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Stihl na washindani wake, akiwemo Husqvarna wa Uswidi, walitoa breki ya mnyororo. Ule mkono wa plastiki ulio mbele ya mshikio si wa kuzuia vumbi, jinsi wengine wanavyodhani. Msumeno ukiruka, kigasha cha mkono wa kushoto huusukuma mkono huo, na mnyororo husimama kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Kufikia mwaka 1971, misumeno ya Stihl ilikuwa ikiuzwa kuliko mingine yote duniani. Mwenyewe hakuishi sana kuona matokeo ya breki hiyo. Alifariki Januari 14, 1973, akiwa na umri wa miaka 76. Mwanawe, Hans Peter Stihl, alishika uongozi, na kampuni ingali mali ya familia hiyo.

Deni lililosalia Gusii

Mtu angedhani kwamba kisa kimeishia hapo, uzani umepunguzwa, mtetemo umetulizwa na breki imewekwa. Katika vijiji vya Kisii na Nyamira, hata hivyo, saa haijasonga kwa kasi hiyo.

Katika nchi nyingi za joto, mashine inayopendwa kwa magogo makubwa ni ya muundo wa 070, uliobuniwa miaka ya 1960, kabla ya breki ya mnyororo. Inapendwa kwa sababu ina nguvu, haina mambo mengi na hutengenezeka kwa spana chache. Nakala zake za bei nafuu zimejaa madukani. Hata pale ambapo mashine ni mpya na ilikuja na breki, si ajabu kukuta mkono wa mbele umevunjika na haujawekwa mwingine. Mashine huwaka bila huo mkono, mti huanguka bila huo mkono, na malipo ni yaleyale.

Tofauti nyingine ni ya kazi yenyewe. Stihl aliunda msumeno wa kukata mti kwa upana wake. Gusii, msumeno huohuo ndio unaopasua mbao kwa urefu wa gogo, papo hapo shambani, mpasuaji akifuata mstari uliochorwa kwa uzi na rangi. Kila mkato hula takriban milimita nane za mbao na kuzigeuza unga. Katika gogo moja, mikato michache inatosha kupoteza ubao mzima, na mbao zenyewe hutoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, macho ya wanunuzi yalizidi kuelekea miti ya wakulima. Hasara hiyo basi ni ya mkulima mdogo aliyeungojea mti wake miaka kumi.

Ufumbuzi upo. Kuna mnyororo wa kupasulia, ambao meno yake hunolewa kwa pembe ya nyuzi 10 hivi badala ya 30 za mnyororo wa kawaida. Kuna pia fremu ya chuma inayofungwa kwenye bapa na kuteleza juu ya ubao wa mwongozo, ili kila ubao utoke na unene mmoja. Fundi hodari wa kuchomelea vyuma mjini Kisii anaweza kuiunda. Kinachokosekana ni mashine iliyofikiriwa tangu mwanzo kwa ajili ya kazi hii, pamoja na mafunzo ya kuitumia.

Orodha ya mambo ambayo mpasuaji wa huku angetamani si fupi. Angetaka tangi litakalomwonya oili ikipungua, kwa kuwa wengi huchanganya petroli na oili kwa kukisia kwa macho ilhali injini nyingi za kisasa huhitaji sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli. Angetaka suruali ya kujikinga iliyo nyepesi. Zile zilizopo zina tabaka za nyuzi ndefu zinazouziba mnyororo na kuusimamisha kabla haujafika pajani, lakini zilibuniwa katika nchi za baridi, na bei yake humfanya mtu abaki na gambuti na suruali kuukuu. Angetaka vipuri halisi vipatikane Nyansiongo na Suneka, si Nairobi pekee.

Misumeno ya betri nayo imeingia sokoni. Haina moshi, kelele zake ni chache, na mtetemo wake ni mdogo. Kwa kupogoa miti karibu na nyumba inafaa. Ila kwa anayepasua magogo kutwa nzima bondeni, mbali na soketi ya umeme, betri humrudisha pale Stihl alipokuwa mwaka 1926, na mashine nzuri isiyokuwa na umeme msituni.

Maombi hayo yote yanaweza kutimizwa, na ni madogo kuliko kupunguza kilo 46 hadi 12. Tofauti ni kwamba wakataji wa Amerika na Ulaya walikuwa na kampuni zilizowaajiri, vyama vya wafanyakazi, na sheria zilizowalazimu waundaji kuwasikiliza. Mpasuaji wa Gusii hulipwa kwa mti au kwa futi, hana mwajiri wa kudumu, na akiumia gharama huwa juu ya jamaa zake. Sauti yake haifiki Waiblingen, na mara nyingi haifiki hata afisini mwa kaunti.

Kuna jambo moja, hata hivyo, lisilohitaji mhandisi wala sheria mpya. Mwenye mti ndiye anayemwita mwenye pawaso shambani mwake, na ndiye anayemlipa. Kabla hajamwonyesha mti wa kuangusha, na aitazame mashine. Mkono wa mbele upo? Ukisukumwa, mnyororo unasimama? Ikiwa hausimami, kipuri hicho kinunuliwe kwanza, hata kama gharama itakatwa kutoka kwa bei ya mti. Mkaratusi uliosimama miaka kumi kando ya shamba unaweza kungoja siku moja zaidi.